Mama Zinki na Kipande Kilichobaki cha Njia ya Kinamasi

Wasifu mwingi husema kwamba marehemu hakuwahi kugombana na mtu. Familia ilikaa, ikajadiliana, ikaona haya kusema maneno hayo mbele ya watu waliogombana naye, ambao wengi wamejaa safu tatu za mbele na wamependeza sana. Marehemu aligombana na seremala, ambaye ni mume wake. Aligombana na mwenyekiti wa kamati ya msitu. Zaidi ya wote aligombana na kutu, na huyo ndiye pekee ambaye hawakupatana naye hadi mwisho. Leo tunamsindikiza mke, mama, bibi, dada na fundi wa chuma, aliyejulikana kwa wakubwa na wadogo kama Mama Zinki.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi baiskeli na mfagiaji wa shule. Walikaa nyuma ya kituo cha mabasi, chumba na ukumbi, chini ya paa la mapipa yaliyokatwa na kunyooshwa. Kutu ilikuwa imelitoboa paa hilo hata ukilala chali mchana ungedhani ni anga lenye nyota. Mvua ikianza, kila mtoto alikuwa na chombo chake cha kukinga: mkubwa ndoo, wa pili beseni, marehemu sufuria isiyo na mkono mmoja. Siku moja alimwuliza baba yake kwa nini paa la jirani halivuji.

“Lile ni bati, mwanangu. Limepakwa zinki.”

“Zinki ni nini?”

“Ni kitu wanachokuwa nacho majirani,” alijibu mzee, akaendelea kuziba pancha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akafaulu hesabu na kufeli utii. Mwaka 1974 alipelekwa chuo cha ufundi kusomea ushonaji. Asubuhi ya kwanza aliingia darasa la cherehani, akatazama, akatoka, akavuka uwanja na kuketi kwenye darasa la kuchomelea. Mwalimu alimwambia kwa upole, “Binti, hapa ni chuma.” Marehemu akajibu, “Nimeona, mwalimu. Ndiyo maana nimekaa.” Wale wavulana waliocheka siku hiyo, baadhi yao wamestaafu na wamo humu. Hatutawataja, ila shangazi zetu wanawajua.

Alipomaliza mwaka 1976 aliajiriwa kwenye karakana ya mageti na madirisha. Huko alijifunza jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Bosi wake alimpa mabomba ambayo tayari yalikuwa yamechovywa zinki, akamwamuru ayachomelee vile vile. Moshi mweupe ukapanda, yeye akauvuta, na jioni akatetemeka kwa homa hata kitanda cha dada yake kikatembea. Kesho yake alirudi kazini, akaenda kuyatazama yale maungio. Zinki ilikuwa imeungua pande zote mbili za kila ungio, na chuma kimebaki uchi. Kabla ya msimu wa mvua kwisha, kutu ilikuwa imeota palepale.

Kwa wale wasiojua kazi yenyewe, na kwa mwenyekiti wa kamati ambaye alielezwa mara nyingi, ni hivi. Chuma husafishwa kwa tindikali, kisha hutumbukizwa kwenye tangi la zinki iliyoyeyuka. Zinki inashika kila upande, nje na ndani. Hewa na maji vikija, vinaanza na zinki, na chuma kinabaki salama. Ukikikwaruza kidogo, zinki ya kando inakilinda kidonda. Lakini ukikichomelea baada ya kuchovywa, umekiharibia kinga. “Ni sawa na kumvua mtu koti katikati ya mvua,” alizoea kusema, “halafu unamwambia, pole, nitakupaka rangi ya koti.” Kwa hiyo sheria yake ilikuwa fupi: kata, toboa na chomelea kwanza, chovya baadaye, ukifika kwenye eneo la kazi, kaza bolti tu. Moto hauingii msituni.

Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe, kontena kuukuu na turubai. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa bembea za shule. Kwa kutaka kazi safi, aliziba mabomba pande zote mbili, hewa ndani. Kwenye kiwanda cha kuchovya zinki, bomba la kwanza lilipotumbukizwa tangini, hewa ile ilipata joto, ikakosa mlango, bomba likapasuka, na zinki ikaruka hadi kwenye boriti za paa. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Msimamizi wa tangi alitoka chini ya meza akiwa na majivu kwenye nyusi.

“Nani kaleta bomu?”

“Si bomu, kaka. Ni bembea.”

“Basi bembea yako ina hasira, mama. Itoboe ipumue!”

Tangu siku hiyo hakupeleka bomba kiwandani bila kulitoboa tundu la hewa, na kabla halijapandishwa kwenye lori aliligonga kwa kidole na kuliuliza, “Wewe unapumulia wapi?” Wateja wapya walidhani amechanganyikiwa. Wa zamani walisubiri bomba lijibu.

Tarehe 22 Desemba 1984 alifunga ndoa na seremala. Alikuwa amekuja kuagiza miguu ya chuma ya meza ya msumeno, akakaa mpaka jua likazama. Alimwambia marehemu, “Mbao ina roho.” Marehemu akamjibu, “Ndiyo maana inakufa.” Mtu mwingine angekasirika. Huyu alikwenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba amepata mke. Ugomvi wa kwanza wa ndoa ulihusu kitanda: bwana alitaka mninga mtupu, bibi alitaka chuma kitupu, na kwa mwaka mzima wakalala kwenye godoro sakafuni, kila mmoja akisubiri mwenzake ashindwe. Binti yao wa kwanza alizaliwa kabla kitanda hakijakamilika, jambo linaloonyesha kwamba fanicha si kila kitu. Mwishowe walipatana, ubavu wa mbao na miguu ya chuma, na kitanda hicho hakijawahi kulia hata mara moja. Habari hii familia inaitoa kwa tahadhari.

Sasa tufike kinamasini, maana hapo ndipo moyo wake ulipokuwa.

Wote mnajua kwamba upande huu wa msitu kuna nyumba, na upande wa pili kuna shule na zahanati, na katikati kuna kinamasi ambacho hakijui mtu wala cheo. Mwaka 2009 seremala alijenga njia ya mbao juu yake. Ilikuwa nzuri. Kila ubao ulipigwa randa kama meza ya harusi, ukapakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Mchwa walikubali. Vyura hawakukubali, wakahama, na maji chini ya njia yakawa na rangi za upinde wa mvua. Kuoza nako hakukuuliza ruhusa. Nguzo zilioza pale maji yanapokutana na hewa, mahali ambapo macho hayafiki.

Mei 2015, asubuhi, njia ilikatika chini ya mkunga wetu akiwa anawahi kuzalisha. Alizama hadi kiunoni na nyonga ikavunjika. Watu walipokuja mbio kumtoa, aliwafokea akiwa ndani ya matope, “Mimi sizai! Chukueni mkoba mpeleke kwa anayezaa!” Wakapeleka mkoba, mtoto akazaliwa salama mikononi mwa jirani, na mkunga akatolewa baadaye kwa kamba. Yupo hapa, mbele, na mkongojo wake. Hajavuka kinamasi kwa miguu yake tangu siku hiyo.

Seremala aliingia karakanani kwake akafunga mlango. Hakushika randa kwa miezi. Marehemu alimfuata, akakaa juu ya lundo la maranda.

“Wewe ulijenga vizuri, baba. Kinamasi ndicho kilichokula.”

“Basi mimi nimekilisha mkunga.”

Marehemu aliinuka, akapangusa maranda kwenye nguo. Alisema tu, “Nitaijenga upya. Na hii haitamwangusha mtu, wakati wangu wala baada yangu.” Tangu hapo alikuwa na kazi moja.

Kamati ya msitu ilimkatalia. Mwenyekiti alisema chuma kinang'aa, kitatisha ndege, na msitu ni mahali pa vitu vya asili. Marehemu akasimama akauliza, “Na meno yako hayo ya bandia, mwenyekiti, yameota kwenye mti gani?” Kikao kikaahirishwa. Hapo familia inakiri kwamba marehemu hakujisaidia. Lakini mwenyekiti hakuwa mjinga, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwani chuma kikitoka kwenye zinki kinamulika kama kioo. Kwa hiyo marehemu aliomba ruhusa ya kusimika nguzo moja tu kando ya kijia, aiache. Misimu miwili ya mvua ikapita. Zinki ikafifia, ikawa ya kijivu kama mawe ya pale pale. Mwenyekiti alikuja kukagua, akaitafuta nguzo kila mahali, akaanza kulalamika kwamba imeibwa, mpaka ugoko wake ulipoiona. Alichechemea hadi ofisini akatia sahihi. Ilikuwa Juni 2019, na tunamshukuru kwa dhati, yeye na ugoko wake.

Kazi ilikwenda kipande kwa kipande. Marehemu aliweka nyayo za zege, na miguu ya chuma ikakaa juu yake, mbali na maji machafu ya kinamasi. Sakafu aliifanya ya wavu wa chuma, mvua ipite, matope yaanguke, na mwanga ufike kwenye majani ya chini. Akina dada wa viatu virefu walilalamika. Aliwajibu kwamba vyura hawajalalamika, tena wamerudi. Kwa kuwa njia inapinda kufuata miti, na marehemu alikataa kukata hata mmoja, kila kipande kilikuwa na umbo lake. Hapo ndipo alipomhitaji seremala. Bwana alikwenda kinamasini, akapima kila kona, akachonga kielelezo cha ubao chenye umbo na matundu ya bolti. Bibi akakilaza juu ya chuma, akachora, akatoboa. Kijana wao, dereva wa lori, akasafirisha kiwandani na kurudisha. Watu wakabeba mabegani. Hakuna jenereta wala cheche iliyoingia msituni. Na seremala akaanza tena kupiga mluzi akiwa kazini, jambo ambalo marehemu alilalamikia kwa mdomo na kulifurahia kwa kila kiungo kingine.

Kipande cha mwisho kilikuwa kwenye kona kali, karibu na upande wa zahanati. Kilitoka kwenye zinki Januari mwaka huu, kikabebwa kwa nyimbo, kikashushwa mahali pake. Njia ilikuwa inapinda kushoto. Kipande kilikuwa kinapinda kulia.

Seremala akakizunguka kipande, akainama kutazama matundu ya bolti.

“Ulikilaza kielelezo kifudifudi,” seremala akasema.

“Ungeandika juu ni wapi!”

“Mke wangu, ubao una uso. Upande uliopigwa randa ndio uso. Kila mtu anajua.”

“Kila mtu nani? Chuma hakina uso! Chuma pande zote ni kisogo!”

Wote wawili walikuwa sahihi, na kwa hiyo kipande kilikuwa kibaya. Karibu miaka arobaini ya ndoa, na hakuna aliyewahi kufikiri kumwambia mwenzake kitu ambacho kwake kilikuwa wazi kama jua.

Hapo sasa ndipo ushauri ulipomiminika. Mvua ilikuwa njiani. Jirani mmoja alikuwa na jenereta, mwingine mashine ya kuchomelea. Kakake marehemu alisema, “Dada, kipindue chini juu kitapinda kushoto, kisha kata masikio yale ya kupitishia bolti, yageuze, chomelea hapa hapa, yaishe.” Kijana wake akaongeza, “Tutapaka rangi ya fedha, mama. Nani atajua?”

“Kutu itajua,” marehemu akasema.

Akaamuru kipande kibebwe kirudi. Karakanani alikata masikio ya bolti kwa mkono wake, akakwangua zinki, akayachomelea upande unaotakiwa, akayatoboa akiwa amekizungusha kile kielelezo mara nyingi hadi seremala akamwomba akiweke chini, kizunguzungu kisije kikawapata wote. Kisha kikarudi kiwandani kuchunwa zinki ya zamani na kuchovywa upya. Lakini kiwanda kilikuwa na foleni ndefu ya nguzo za taa za barabarani, na kipande kimoja cha njia ya kinamasi kiliambiwa kisubiri. Kwenye kona, watu wakavuka kwa mbao mbili na kamba. Walinung'unika, na baadhi yao walimnung'unikia yeye, mlangoni kwake. Aliwasikiliza, akawapa viti, hakubadili neno.

Februari miguu yake ilianza kuvimba. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, alimpeleka hospitali, na daktari akasema moyo umechoka. Marehemu akamwuliza, “Hizi dawa zako zinazuia, au zinapaka rangi tu?” Daktari alikuwa mkweli, akamwambia zinapunguza mwendo. Marehemu alimpenda kuanzia hapo, akanywa dawa zote bila ubishi, kitu ambacho kilitutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kila juma seremala alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, juu ya njia yake mwenyewe, mpaka ukingoni mwa ile kona. Alikaa pale akiangalia lile pengo. Mara moja mume wake alimwambia kwa sauti ya chini, “Ukisema tu, nitamwita mwenye jenereta leo hii achomelee kitu cha muda. Uvuke. Mimi sitakucheka.”

Marehemu aliegemea mbele kwenye kiti. Alitaka kuvuka, na kila mtu alijua. Halafu akasema, “Nikivuka mimi kwa njia hiyo, ataanguka mwingine. Nirudishe nyumbani, baba.”

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 10 Agosti 2023, akiwa kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wa seremala, aliuliza kama lori limerudi. Binti yake akamwambia bado, dereva yuko kwenye foleni. “Asikubali kuchomelea,” akasema. Baadaye kidogo akafumba macho, na pumzi ikaenda zake bila fujo, jambo la kwanza alilowahi kulifanya bila fujo.

Jioni ya siku hiyo familia ilikutana. Kakake marehemu, kwa nia njema, alishauri kwamba ni aibu watu waje kuzika wapite juu ya mbao na kamba. Tuchomelee kitu cha muda, mazishi yapite, kisha tuone. Vichwa kadhaa vikaitikia. Seremala alisukuma kiti chake nyuma. Alisimama.

“Shemeji, wakati ule nilijenga haraka, kwa mapenzi mengi, na njia ikamwangusha mkunga. Mke wangu ametumia miaka minane kunisafisha jina bila kuniambia kwamba ananisafisha. Watu wapite kwa mbao na kamba. Atakayewasha moto kule, atanichomelea mimi kwanza.”

Kikao kikaisha. Ijumaa mchana msimamizi wa tangi aliposikia habari za msiba aliziweka kando nguzo za taa, akakitumbukiza kipande kwa mkono wake, akakiacha kipoe, akakipakia. Kijana aliendesha moja kwa moja. Lori lipo pale nje ya geti. Kile kinachowamulika machoni ndicho.

Marehemu ameacha mume, seremala, watoto wawili, muuguzi na dereva wa lori, wajukuu watano, ambao mmoja wao anagonga kila kitu kwa kidole na kukiuliza kinapumulia wapi, kaka mmoja na dada wawili, wakwe wasiohesabika, mwenyekiti mmoja wa kamati, na vyura.

Familia ilikuwa imepanga chakula mara baada ya mazishi. Chakula kitasubiri. Tukishamfunika udongo, seremala atatangulia kinamasini, na wenye mabega wabebe. Bolti zipo, zimechovywa kama inavyotakiwa. Spana zipo chache, kwa hiyo mwenye yake aje nayo, na aliyeleta shada la maua aliache hapa ashike kitu chenye manufaa. Mkunga ameomba avuke wa kwanza. Tumemwambia asubiri tukaze bolti zote, naye amesema anasubiri, lakini tusimcheleweshe.

Apumzike kwa amani Mama Zinki, amefanya sehemu yake. Sisi tuinukeni, kazi haijaisha.